Jicho Lisiwe Msaili wa Kwanza

Matangazo mengi ya kazi yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dodoma yana mistari miwili inayofanana: "awe na mwonekano mzuri", na chini yake, "aambatanishe picha mbili ndogo za pasipoti". Aliyeandika hivyo mara nyingi hana nia mbaya. Anatafuta mtu safi, mchangamfu, asiyefukuza wateja. Tatizo ni kwamba anaomba sura akitumaini kupata tabia, na hivyo viwili havisafiri pamoja. Makala hii inaeleza kwa nini jicho linakosea, uso unabeba habari gani hasa, na namna ya kupanga uamuzi ili sura isiamue kabla ya mambo mengine.

Ushauri wa "usimhukumu mtu kwa sura" umechosha watu kwa sababu unakataza jambo ambalo tayari limeshatokea. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha watu picha za nyuso kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, kisha wakawauliza: huyu ni mwaminifu? ni mahiri? Majibu yao yalilingana sana na ya watu waliotazama picha zilezile bila kuwekewa muda. Walioongezewa muda hawakubadilisha sana hukumu zao. Walichoongeza ni uhakika kwamba wako sahihi. Kwa hiyo anayesema "mimi humtazama mtu vizuri kwanza" anaeleza jinsi anavyojiridhisha tu.

Hukumu hiyo ya haraka ingekuwa na madhara madogo kama ingebaki palepale kwenye sura. Haibaki. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika mwaka 1920 kuhusu wakubwa wa kazi na maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapa alama watu wao kwa sifa mbalimbali, moja moja: umbo, akili, uongozi, tabia. Aliona alama zimefuatana kupita kiasi. Aliyepata nyingi kwenye umbo alipata nyingi kwenye akili na uongozi pia, kana kwamba sifa moja imemwaga rangi yake juu ya nyingine zote. Mwaka 1974 David Landy na Harold Sigall waliwapa wanafunzi insha za kusahihisha zikiwa na picha ya mwandishi. Insha zenye picha ya msichana mrembo zilipata alama za juu zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa hasa pale insha yenyewe ilipokuwa mbovu. Kazi ikiwa nzuri, inajitetea. Ikiwa dhaifu au ina utata, msomaji hutafuta msaada kwingine, na picha iko pale.

Kinachofanya kosa hili liwe gumu kurekebisha ni kwamba anayelifanya halioni. Richard Nisbett na Timothy Wilson, mwaka 1977, waliwaonyesha wanafunzi mwalimu mmoja, mwenye lafudhi ya kigeni, katika video mbili: katika moja alijibu kwa ukarimu, katika nyingine kwa ukavu. Waliomwona mkarimu walisema sura yake na lafudhi yake zinavutia. Waliomwona mkavu walisema sura ileile na lafudhi ileile zinakera. Walipoulizwa kama kumpenda au kumchukia kumeathiri walivyoiona sura yake, walikataa, na waliomchukia wakadai kwamba sura na lafudhi ndizo zilizowafanya wamchukie. Mlango huu, basi, unafunguka pande zote mbili, na mwenye nyumba hajui nani ameingia.

Halafu kuna jambo baya zaidi, ambalo kila anayefanya usaili anapaswa kulijua. Mark Snyder, Elizabeth Tanke na Ellen Berscheid, mwaka huohuo wa 1977, waliwaunganisha wanaume na wanawake wasiofahamiana wazungumze kwa simu. Kila mwanaume alipewa picha akaambiwa ndiyo ya anayezungumza naye. Picha hazikuwa za wanawake hao. Baadaye watu wengine, ambao hawakuona picha yoyote, walisikilizishwa sauti za wanawake peke yake. Wale ambao wenzao waliamini kuwa ni warembo walisikika wachangamfu na wenye urafiki zaidi. Mwanaume alizungumza kwa bashasha, mwanamke akachangamka. Mwingine alizungumza kwa uvivu, mwenzake akanywea. Jopo la usaili hufanya hivyohivyo. Linamtabasamulia mmoja na kumkodolea macho mwingine, kisha linaandika kwenye karatasi kwamba wa pili "hana kujiamini".

Tafiti hizi zilifanyika Marekani, nyingi kwa wanafunzi wa vyuo, na si busara kubeba takwimu zake moja kwa moja hadi mitaa ya Dodoma kama Majengo au Makole. Utaratibu wenyewe, hata hivyo, hauhitaji pasipoti. Na Dodoma imejiwekea mazingira yanayouchochea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu karibu 411,000 katika iliyokuwa Manispaa. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000 katika Jiji. Kijijini Chamwino au Mpwapwa mtu anajulikana kwa ukoo wake na kwa madeni aliyolipa na aliyokimbia. Katika mitaa ya mjini kama Kisasa au Nkuhungu, jirani ni mgeni, mpangaji ni mgeni, na anayeomba kazi dukani ni mgeni. Pasipo na habari, jicho hujaza pengo.

Wahenga walishaonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali ni tamu, ila ina mtego. Anayeishika sana huanza kumshuku kila mwenye sura nzuri: huyu ana maringo, yule kapewa cheo kwa macho yake. Huyo naye anahukumu kwa sura. Amegeuza mizani tu. Madeline Heilman na Lois Saruwatari walilionyesha hilo mwaka 1979: uzuri uliwainua wanawake walioomba kazi za ukarani na kuwashusha walioomba umeneja. Tiba isiyofanya kazi kwa pande zote mbili si tiba.

Uso unaandika maji, nzi na vumbi

Si kweli kwamba uso hausemi kitu. Unasema mengi, ila ni kuhusu mahali mtu alipokulia na alichokosa, na msomaji huyatafsiri kuwa habari za tabia.

Kwa Kanda ya Kati, tuanze na meno. Mtu aliyekulia baadhi ya maeneo ya Singida, au Manyara, Shinyanga na Arusha, anaweza kuwa na meno ya mbele yenye mistari myeupe kama chaki, madoa ya kahawia, na hali ikiwa kali, vishimo. Anayetazama husema: hapigi mswaki, au ni mvutaji. Sababu iko ardhini. Maji ya visima vingi vya maeneo hayo hupita kwenye miamba yenye floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Floraidi ikizidi huharibu tabaka gumu la nje la jino wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8. Kwa meno ya mbele ya juu, miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Jino linapochomoza, doa limo tayari. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiwa amelelewa kijijini na mwingine akachukuliwa na shangazi yake mjini angali mchanga, wanaweza kuwa na meno tofauti kabisa ingawa wote hupiga mswaki asubuhi na jioni.

Kuchemsha maji hakusaidii. Yanapopungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kukolea. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaweza kuiongeza. Kusugua kwa mkaa, chumvi au majivu hakutoi doa lililo ndani ya jino, bali kunalikwangua jino lenyewe. Daktari wa meno anaweza kuondoa tabaka jembamba la juu, kulifanya doa lififie kwa dawa, au kufunika jino kwa kijazio chenye rangi yake, na hayo yote yanataka pesa. Mtu mwenye meno hayo hujifunza mapema kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka na kujibu kwa maneno machache. Kwenye usaili ukimya huo husomwa kama kuficha jambo, na hapo ndipo maji ya kisima yanapogeuka kuwa "si mkweli".

Macho yana habari yake. Trakoma, ambayo wengi huijua kwa jina la vikope, imeisumbua Dodoma kwa muda mrefu, na Kongwa ni kati ya maeneo yaliyochunguzwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulifanyika huko kupima kama kuwanawisha watoto uso kunapunguza ugonjwa. Bakteria wake husafiri kwa vidole, kwa khanga inayofuta nyuso za watoto wanne, na kwa nzi. Maambukizi yakirudiarudia utotoni huacha makovu ndani ya kope, na miaka mingi baadaye kope hugeukia ndani zikawa zinakwaruza kioo cha jicho. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, mtu anakunja uso akitoka juani. Wanaomtazama wanaona mama mkali. Anachohitaji ni upasuaji mdogo wa kope, kabla jicho halijapofuka.

Moshi nao huleta wekundu huohuo kwa aliyepika miaka 40 kwa kuni mbichi au samadi kavu. Usukumani na sehemu za Tabora, macho mekundu ya bibi kizee yalitosha kumfanya aitwe mchawi, na vikongwe wameuawa kwa ushahidi huo. Ni vyema wale wanaodhani mada hii ni ya adabu za sebuleni wakumbuke hilo.

Ngozi ina maelezo mafupi zaidi. Kati ya Mei na Novemba Dodoma haina mvua ya maana, na upepo wa Juni hadi Agosti hukausha kila kitu: midomo inapasuka, visigino vinafanya magaga, miguu inapauka kwa vumbi jekundu. Tofauti kati ya mtoto anayeng'aa na aliyepauka mara nyingi ni kopo la mafuta ya mgando na umbali wa kwenda bombani. Mwalimu anayeita hali hiyo uzembe wa mzazi amepima kipato akidhani amepima malezi. Ukoma vilevile huacha nyuma alama zake: tiba ya dawa mchanganyiko ni ya miezi 6 au 12, hutolewa bure, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema baada ya kuianza, lakini vidole vilivyopinda hubaki vimepinda kwa sababu mishipa ya fahamu ilishaharibika. Kukataa kupokea chenji kutoka kwenye mkono huo ni kuogopa ugonjwa ambao haupo tena.

Kupanga usaili upya

Kwa kuwa jicho halizuiliki, kinachobaki ni kuamua lipewe zamu lini. Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi linalotafuta makarani wa mauzo, waombaji 12, wasaili watatu. Kazi nzima inamalizika kwa siku moja na nusu.

Kabla ya kufungua barua yoyote, andikeni kazi inahitaji nini na kila kitu kina uzito gani. Mgawanyo unaofaa kwa kazi hii: zoezi la vitendo alama 50, maswali 30, taarifa za wadhamini 20. Picha zisiombwe; kitambulisho kitaangaliwa siku ya kusaini mkataba. Maneno "mwonekano mzuri" yafutwe, na mahali pake paandikwe kile kinachoweza kukaguliwa na mtu yeyote: sare safi iliyopigwa pasi, kucha fupi, viatu vya kufunika vidole. Hivyo vyote mtu anaweza kuvipata wiki ya kwanza ya mshahara.

Zoezi linatangulia. Dakika 20, karatasi yenye namba badala ya jina, na orodha ya majina inashikwa na mtu asiyesahihisha. Wape stakabadhi 10, tatu zikiwa na makosa mliyoyapandikiza: jumla isiyolingana, bei tofauti na orodha ya bei, tarehe iliyoachwa. Ongeza hesabu mbili tatu za kaunta, kwa mfano: mteja ametoa 200,000 kwa mifuko 11 ya saruji ya 17,500, anarudishiwa ngapi? (7,500.) Wakati wa kusahihisha, maliza swali la kwanza la wote 12 ndipo uende la pili. Ukisahihisha karatasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, jibu zuri la kwanza litalipaka rangi jibu bovu la nne, kama Thorndike alivyoona.

Maswali ya mdomo yawe matano, yaleyale, kwa mpangilio uleule. Salamu haziepukiki, na hakuna sababu ya kuziepuka. Shikamoo na habari za nyumbani zipewe dakika mbili kwa kila mmoja, bila alama. Kisha uliza mambo ya kazini: "Mteja amerudisha mfuko wa saruji iliyoganda, hana stakabadhi. Utafanyaje?" Maana ya alama iandikwe mapema. Anayemfukuza au kumbadilishia bila kuuliza, 1. Anayemwita bosi tu, 3. Anayekagua mfuko, akatafuta mauzo kwenye daftari kwa tarehe, akamweleza mteja utaratibu na kuripoti, 5. Maswali matano yenye alama 5 ni 25. Zidisha kwa 1.2 upate 30.

Kila msaili anaandika kwanza alichosikia, ndipo anaweka namba, palepale swali linapoisha. Anayeweka namba kwanza kisha akatafuta sababu ataipata, hata kama haipo. Hakuna kujadili mpaka wote watatu wamemaliza karatasi zao, na aliye mdogo kwa cheo asome zake mwanzo, maana mkubwa akishasema "huyu binti yuko vizuri" usaili umekwisha. Zikitofautiana kwa alama 2 au zaidi kwenye swali moja, someni maandishi, msisimulie hisia. Kubadilisha alama kunaruhusiwa pale tu mtu anapoonyesha maneno aliyoyaandika yanayounga mkono mabadiliko hayo.

Mpangilio wa kuingia uwe wa kura, na kati ya mtu na mtu ziwepo dakika 5 za kukamilisha karatasi. Bila mapumziko hayo, mtu wa kawaida anayemfuata mrembo huonekana wa ovyo, na akimfuata aliyechoka huonekana nyota.

Mahali mpango huu unapovunjika panajulikana. Mmoja wa wasaili ndiye aliyegawa karatasi za zoezi, hivyo anakumbuka namba 7 ni ya nani. Au fomu ina kisanduku cha mwisho, "haiba na mwonekano, alama 10". Kisanduku hicho kinaonekana kidogo, lakini hesabu inasema vingine: wenye uwezo unaokaribiana hupata kati ya 70 na 78 kwenye mengine yote, kwa hiyo alama 10 za bure zinatosha kumpandisha wa mwisho hadi juu. Kiondolewe chote. Kukipunguza hadi 5 kunapunguza aibu tu.

Wadhamini wapigiwe mwishoni, wawili kwa kila aliyebaki, wakiulizwa mambo matatu yaleyale: alikaa muda gani, alikabidhiwa fedha au mali gani, na je, ungempa kazi hiyo tena leo? Swali la mwisho likijibiwa baada ya kimya kirefu, uliza kwa nini.

Usaili wa serikali, kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nao huanza na mtihani wa mchujo kabla ya mahojiano ana kwa ana, na mwajiri mdogo hana sababu ya kugeuza mpangilio huo. Kisheria, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ukiwemo ulemavu, jinsia, umri na rangi. Sura haimo kwenye orodha. Kwa hiyo aliyekataliwa kwa sababu ya kovu au meno hana pa kushika kwa urahisi, isipokuwa hali yake ihesabike kuwa ulemavu, na ulinzi wake unategemea zaidi fomu iliyotengenezwa vizuri.

Darasani njia ni fupi. Madaftari yasahihishwe yakiwa yamefunuliwa ukurasa wa kazi, jalada chini. Kwa wiki moja mwalimu aweke alama ndogo kwenye orodha ya mahudhurio kila anapomwita mwanafunzi kujibu; Ijumaa ahesabu. Majina yasiyo na alama huwa na jambo linalofanana, na mara nyingi ni sare iliyochakaa. Mwenye nyumba naye aombe kitambulisho cha NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa na namba ya mwenye nyumba wa zamani, kwa kila mpangaji, akiwemo aliyeshuka kwenye gari zuri.

Rudini dukani baada ya miezi 6. Toeni karatasi za usaili, mziweke pembeni ya rekodi za kazi: upungufu wa stoo, siku za kuchelewa, malalamiko ya wateja. Kama waliopata alama nyingi kwenye zoezi ndio wenye stoo iliyonyooka, ongezeni uzito wake. Swali la saruji likiwa limewapa watu wote 4 au 5, halitofautishi mtu na mtu. Tafuteni lingine kabla ya kutangaza nafasi inayofuata.